Milio Mitatu Nyuma ya Pazia

Wembe hakuwa mtu wa kuamini ushindi wa mwenzake. Mtu akifaulu, aliuliza nani anamjua. Mtu akipewa nafasi, aliuliza amepitia mlango gani. Ndiyo maana wanafunzi wenzake wa muziki walimbandika jina hilo: alikata huku na huku, na aliyekaa naye karibu hakukosa mkwaruzo. Jina alilozaliwa nalo lilibaki mdomoni mwa dada yake mkubwa na kwenye karatasi za chuo.

Siku ya mchujo alikaa kwenye benchi la korido, tarumbeta mapajani, akilifuta kwa kitambaa ingawa lilikwisha kung'aa tangu asubuhi. Upande wa pili wa mlango wa mbao ulikuwa ukumbi, na mle ukumbini alikuwa ameingia Kimya, msichana wa darasa lao aliyeitwa hivyo kwa sababu angeweza kukaa nawe kuanzia chai mpaka chakula cha mchana asiseme zaidi ya "mm" na "sijui". Zamu iliyofuata ilikuwa ya Wembe.

Kila mwaka kitivo cha sanaa kilitoa tuzo kwa wanafunzi wake bora: mchoraji mmoja, mwigizaji mmoja, mwanamuziki mmoja. Ya muziki ilikwenda kwa zamu ya ala. Mwaka uliotangulia ilikuwa kinanda, mwaka huu matarumbeta. Nayo ndiyo iliyowatoa watu jasho kuliko nyingine zote, kwa sababu haikuishia kwenye ngao ya mbao na kupigwa picha ukitabasamu. Aliyeipata alibaki idarani kuwa mkufunzi msaidizi, akapewa chumba cha mazoezi na ufunguo wake mfukoni.

Ili pasiwe na manung'uniko, majaji walikaa nyuma ya pazia zito jeusi lililokata ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta. Mshindani aliingia bila viatu, visigino visije vikasema huyu ni mwanamke au mwanamume. Hakusalimia. Hakukohoa, kama angeweza kujizuia. Alipiga kipande kilekile walichopewa wenzake wote, kisha akatokea mlango wa nyuma, moja kwa moja hadi uani. Majaji walijua ni wa kwanza, wa pili au wa tatu, basi. Mambo safi, walisema walimu. Wembe alipoambiwa hivyo alicheka kwa pua.

Sasa, pale kwenye benchi, alisikia kitu. Kabla ya kuanza kipande, Kimya alipiga milio mitatu. Miwili mifupi, mmoja mrefu, yote ya sauti moja. Kisha kimya kidogo. Kisha kipande.

Kila mpiga tarumbeta hupuliza kidogo kabla ya kuanza. Hupasha chuma joto, hutoa maji yaliyobaki ndani. Lakini huko ni kupuliza ovyo, kama mtu anayesafisha koo. Hii milio mitatu ilikuwa na mpangilio. Ilikuwa na nia. Wembe aliacha kufuta tarumbeta, akautazama ule mlango kana kwamba umemkonyeza.

Majina ya waliopita yalibandikwa adhuhuri. Wanne tu: Wembe, Kimya, na wengine wawili. Kishindo, rafiki yake, hakuwemo. Walikwenda kuzikia huzuni kantini, meza ya pembeni, chai mbili.

"Mimi nimekatwa, yeye amepita," Kishindo alisema.

"Uliteleza mara mbili. Nilikusikia mpaka huku nje."

"Mara moja. Ile nyingine nilikuwa navuta pumzi."

"Ulivuta kama pampu ya baiskeli."

"Haya, nicheke. Ndiyo kazi yako." Kishindo alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. "Lakini nikuulize. Jaji wa katikati unamjua?"

"Yule mzee wa bendi? Nani asiyemjua?"

Alikuwa mtu mzima aliyestaafu uongozi wa bendi kubwa, aliyekaribishwa na chuo kwa sababu hapakuwa na sikio kali kuliko lake. Watu walimwita Bwana Bendi, mbele yake na nyuma yake pia.

"Mimi namwita Bwana Bendi," Kishindo alisema. "Wewe unamwita Bwana Bendi. Kimya anamwitaje?"

"Acha mafumbo."

"Anamwita mjomba. Kaka wa mama yake, tumbo moja. Nimeambiwa na binamu yake mwenyewe leo asubuhi, tena kwa maringo. Chuo kinajua. Wakamwambia hakuna shida, si kuna pazia?"

Wembe aliweka kikombe chini polepole. Maneno yale yaliingia kichwani mwake yakakuta nafasi yao imekwisha kuandaliwa, kiti kimevutwa, taa imewashwa. Miwili mifupi, mmoja mrefu. Pazia huziba macho. Haliwezi kuziba masikio.

"Alipiga milio mitatu," alisema.

"Nani?"

"Yeye. Kabla ya kipande. Tu, tu, tuuu. Nikajiuliza, huyu anafanya nini?"

Kishindo alimtazama, kisha akaachia mluzi mwembamba. "Anamwambia ni mimi, mjomba."

"Sijasema hivyo."

"Huna haja ya kusema."

Tangu hapo Wembe hakumwangalia Kimya kama mwenzake tena, alikuwa akimchunguza. Akimkuta maktaba, aliangalia anasoma nini. Akimwona anaongea na mlinzi wa ukumbi, alipunguza mwendo. Siku moja alimwona akitoka langoni na mkoba wa tarumbeta mgongoni wakati ambao wenzake wote walikuwa wakifanya mazoezi, akajiuliza mtu anakwenda wapi na tarumbeta lake mchana wote huo, kama si kwa mjomba. Msichana mwenyewe aliendelea na "mm" zake na "sijui" zake, na kila "sijui" moja Wembe aliihesabu kuwa ushahidi.

Nyumbani hali ilikuwa ya namna yake. Wembe aliishi kwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, na mume wa dada alikuwa na duka la mabomba na vifaa vya maji. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mabomba tu, na dunia yote aliiona kwa kipenyo. Alikwisha kusema, kwa upole na mbele ya mashahidi, kwamba kijana akikosa nafasi chuoni, Jumatatu inayofuata anakuja dukani.

"Mabomba nayo yana matundu," alisema wakila. "Utapuliza humo mpaka uchoke."

"Mwache," dada alisema.

"Namtania shemeji yangu. Kuna sheria inakataza?"

"Hatakuja dukani. Atapata hiyo tuzo." Dada aligeuka kwa mdogo wake. "Si utapata, mdogo wangu?"

"Nikishindanishwa kwa haki."

"Haya, imeanza," shemeji alisema, akasogeza kiti nyuma ili astarehe.

Wembe aliwasimulia. Mjomba, mpwa, milio mitatu. Alisimulia vizuri, kwa sababu hasira siku zote ilimpa ufasaha. Alipomaliza, dada alikuwa bado ameshika mwiko hewani.

"Umemsikia akimwambia mjomba wake kitu?"

"Ndivyo alivyomwambia. Kwa tarumbeta."

"Nauliza umemsikia, au umemwazia?"

"Dada, wewe huujui muziki."

"Siujui. Nakujua wewe. Ulipokuwa darasa la pili ulisema mwalimu amempa mwenzako alama kwa sababu mama yake anauza maandazi."

"Na alikuwa anamuuzia nani? Walimu."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Dada hakucheka. Aliweka mwiko kwenye sufuria na kusema, kwa sauti ya kumaliza maneno, "Wewe kapige tu vizuri. Hayo mengine waachie wenyewe."

Lakini Wembe hakuweza kuwaachia wenyewe. Jioni ile, mlango umefungwa, alitia kiziba kwenye tarumbeta asisumbue nyumba, akajaribu. Miwili mifupi, mmoja mrefu. Mlio ulipatikana alipobonyeza kitufe cha katikati. Alirudia mpaka ikakaa vilevile alivyoisikia kwenye korido: ile miwili mikavu, ule mrefu unaoshuka kidogo mwishoni kama mtu anayekaa kitini.

Shemeji alipita barazani na taulo begani. "Huo ni wimbo mpya au unabisha hodi?"

Wembe alilishusha tarumbeta. Hodi. Hata mtu wa mabomba ameisikia. Basi kama kuna mlango unaofunguka kwa hodi, yeye naye ana mkono. Hakuuita wizi. Alijiambia kwamba anasawazisha tu: yule akibisha na mimi nikabisha, mzee hatajua mpwa wake ni yupi, na hapo ndipo tutakuwa sawa, tarumbeta kwa tarumbeta. Alijiambia hivyo mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa jambo ambalo mtu analiamini.

Asubuhi ya fainali walichota vikaratasi kwenye kofia ya mlinzi. Wembe alipata wa kwanza, Kimya wa tatu. Wote wanne walivua viatu, wakavipanga chini ya benchi. Soksi ya Kimya ilikuwa imetoboka kidole gumba, naye hakujisumbua kukificha.

"Kila la heri, Wembe," alisema.

Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Wembe alimwangalia usoni akitafuta kilichokuwa nyuma yake. Kwa nini anitakie heri? Nani anamtakia heri anayegombea naye sahani moja, kama si mtu aliyekwisha kushiba?

"Na wewe," alisema, akaingia.

Ukumbi ulikuwa na harufu ya nta ya sakafu. Pazia lilining'inia kimya, zito kama ukuta. Alisimama kwenye alama ya chaki, akalowesha midomo, akainua tarumbeta. Kwa kitambo kidogo mkono wake ulisita. Angeweza kuanza kipande moja kwa moja. Hakuna aliyemshurutisha.

Akapiga milio mitatu.

Nyuma ya pazia, mahali pa katikati, kiti kililia. Kisha akasikia kalamu ikiwekwa juu ya meza: tak. Sauti ndogo, lakini katika ukimya ule ilikuwa kubwa kama mlango.

Ameitika, Wembe alijiambia. Hapo hofu yote ilimtoka. Alipiga kama hajawahi kupiga. Ile sehemu ya katikati ambayo kila mtu huikata pumzi mara mbili, yeye aliishusha kwa pumzi moja, taratibu, bila kutetemeka, mpaka mlio wa mwisho ukazama wenyewe kwenye nta na mbao. Alitokea mlango wa nyuma miguu ikiwa baridi na kichwa kikichemka. Mlinzi alimletea viatu uani. Wa pili, wa tatu na wa nne hakuwasikia, na hakuona haja.

Tuzo zilitolewa siku iliyofuata, ukumbi uleule, pazia likiwa limekusanywa pembeni na viti vimepangwa. Dada alikuja na kitambaa kipya cha kichwa. Shemeji alikuja na saa yake, akiitazama. Mkuu wa kitivo, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba, alisema machache kuhusu sanaa na mengi kuhusu paa la karakana ya uchoraji. Mchoraji akaitwa, akapigiwa makofi. Mwigizaji akaitwa, akalia kama alivyotarajiwa. Kisha mama yule akasoma jina la muziki, na lilikuwa la Kimya.

Wembe alipiga makofi pamoja na wengine. Mikono ilipiga, yeye hakuwemo. Alihisi kiganja cha dada kwenye mgongo wake, akakikwepa. Kishindo, safu ya nyuma, aliinama hadi sikioni kwake.

"Si nilikuambia."

"Nisubiri nje," Wembe alisema.

Majaji walikuwa wamepewa chumba kidogo kando ya jukwaa. Wawili walikwisha kuondoka. Bwana Bendi alikuwa peke yake, amevua koti, anakunywa maji. Alikuwa na mabega ya mtu aliyesimama mbele ya watu maisha yake yote, na masikio makubwa yaliyosimama wima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, keti."

"Sitaketi. Nimekuja kuuliza swali moja, kisha niende. Mpwa wako ameshinda."

"Nimesikia. Nilikuwepo," mzee alisema. Alimtazama kwa makini. "Wewe ulikuwa mmoja wao."

"Nilikuwa mmoja wao. Nataka kujua ulimpa alama ngapi."

Mzee hakukasirika, na hilo lilimkera Wembe kuliko kama angekasirika. Aliweka glasi chini.

"Hakuna hata moja."

"Mzee, tuheshimiane."

"Ndiyo ninavyokuheshimu, ninakujibu. Yule mtoto nilimpa tarumbeta langu la zamani akiwa bado kijisichana. Kitufe chake cha katikati kinanata. Usipokiamsha kwanza, kitakusaliti katikati ya kipande. Basi nilimfundisha kukiamsha: miwili mifupi, mmoja mrefu, kisha anaanza. Amekua nayo hiyo tabia. Kwa miaka mingi sasa anafundishwa na watu wengine, mlio wake wa leo siujui, nisikudanganye. Lakini ile milio mitatu naijua hata usingizini. Nikamwambia mkuu wa kitivo mapema: nikiisikia, naweka kalamu chini, namwacha mtoto apimwe na wale wawili. Siku ya mchujo niliweka. Fainali nikaweka."



"Ndiyo maana leo nimeshangaa kuliko wewe," mzee aliendelea. "Kwa alama za watu wawili kuwashinda waliopimwa na watatu? Lakini labda nisishangae. Nikuambie kitu, na usikitoe nje. Kuweka kalamu jana kuliniuma. Nimesimama mbele ya wapiga tarumbeta toka nikiwa na nywele. Ile sehemu ya katikati, yule mtoto aliishusha kwa pumzi moja. Moja. Nikajiambia, huyu amefika huku lini? Nikatamani kuiokota ile kalamu. Nikaukalia mkono wangu."

Pale mezani palikuwa na nzi anayetembea kwenye ukingo wa glasi. Wembe alimtazama yule nzi kwa sababu alihitaji kitu cha kutazama. Hakuna mtu aliyewahi kumsifu hivyo. Maneno aliyoyatamani miaka yote yamesemwa mbele yake, kutoka kwenye kinywa kilekile alichotaka yatoke, na yamekwenda kwa mtu mwingine. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Mzee ataendelea kuamini ni mpwa wake, Kimya atabaki na ngao yake, naye atabaki na haki ya kusema ameonewa. Ilikuwa haki tamu. Alikuwa ameizoea.

"Alikuwa wa ngapi huyo?" aliuliza, ingawa alijua.

"Wa kwanza. Asubuhi kabisa."

"Wa kwanza nilikuwa mimi."

Mzee alikunja uso. Sasa zamu ya kutilia shaka ilikuwa yake, na aliitumia vizuri. "Kijana, usinichezee. Nimekuambia jambo la ndani, na wewe unaliokota palepale kulivaa?"

"Muulize mlinzi. Kofia ilikuwa yake."

Mlango uligongwa, Kimya akaingia na ngao chini ya kwapa na mkoba mgongoni. Alikuwa amekuja kumwamkia mjomba wake. Alipomwona Wembe, alisimama.

"Ulipiga wa ngapi?" mzee alimwuliza, hata kabla ya salamu.

"Wa tatu, mjomba."

"Ukaamsha kitufe?"

"Hakuna haja tena." Uso wake ulichangamka kidogo. Alifungua mkoba, akatoa tarumbeta, akabonyeza kitufe cha katikati mara kadhaa. Kilipanda na kushuka bila kelele. "Nilimpelekea fundi baada ya mchujo, akakishughulikia mchana kutwa. Nilitaka kukuonyesha mambo yakiisha."

Bwana Bendi alikaa. Alikaa vibaya, nusu ya kiti. "Basi nimekupa alama zangu," alisema. "Nilikupima kama mtu baki. Na huyu nikamnyima."

Kimya alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Hakuwa mjinga. Ilimchukua muda mfupi tu.

"Na yeye alijuaje ile milio?"

"Nilikusikia mlangoni siku ya mchujo," Wembe alisema. "Nikadhani ni ishara yenu. Wewe na mjomba."

"Ishara."

"Ndiyo."

"Ya kitufe kibovu." Alirudisha tarumbeta kwenye mkoba, taratibu, akahakikisha zipu imefika mwisho. "Umeniwazia hivyo tangu lini?"

"Tangu mchujo."

"Siku zote zile. Ukakaa na mimi benchi moja, nikakutakia heri, na wewe kinywani una milio yangu."



Mzee alikwenda mwenyewe kumwita mkuu wa kitivo, na mama yule mrefu alikuja na bahasha ya majaji, ambayo mpaka hapo alikuwa amesomewa jumla yake tu. Alisikiliza bila kumkatiza mtu, miwani ikining'inia kifuani. Hakupandisha sauti. Alitaka kujua mambo mawili tu: nani alipiga lini, na nani alikubaliana na nani. Aliporidhika kwamba hapakuwa na makubaliano, bali kitufe kimoja na kijana mmoja mwenye masikio marefu, alivaa miwani.

"Alama za mzee natoa kwa wote wawili," alisema. "Za huyu kwa sababu ya undugu, za huyu kwa sababu hazipo. Wanabaki majaji wawili." Alijumlisha kwa kucha juu ya karatasi, akajumlisha tena. "Kimya ametangulia. Kwa kidogo, lakini ametangulia. Hata wale wengine wawili, ukiwapima kwa majaji haohao, wako nyuma yenu. Tuzo inakaa ilipo."

"Na alama za mzee kwangu?" Wembe alisema. Sauti ilimtoka ikiwa imepasuka, akaichukia. "Amesema mwenyewe. Amesema alitamani kuiokota kalamu. Akiziandika, nimeshinda."

Mkuu wa kitivo alimgeukia mzee. Kimya naye alimgeukia, ngao bado kwapani, na kwa mara ya kwanza ilionekana wazi kwamba naye aliitaka kwa kufa na kupona.

Bwana Bendi alikitazama kiganja chake. "Ningeziandika," alisema. "Mkono unawasha. Lakini ile ilikuwa karatasi ya mtu nisiyemjua. Wewe sasa nakujua. Nakujua, nakuonea huruma, na nimekukosea bila kutaka. Nikiandika leo, nitakuwa napima hayo."

Hapo Wembe aliona kwamba hakuna wa kumlaumu ndani ya chumba kile. Alitafuta. Alizunguka kuta nne kwa mawazo, kama alivyozoea, akitafuta mlango wa siri ambao mtu mwingine ameupitia, na kila alipogusa alijigusa mwenyewe.

"Alipiga vizuri hivyo kweli?" Kimya alimwuliza mjomba wake.

"Alipiga."

Kimya alimgeukia Wembe. Hakukuwa na ushindi usoni mwake, wala huruma. "Basi ungepiga tu," alisema, akatoka.

Uani jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakipigana picha. Dada alisimama karibu na lango na shemeji, akamwona, akafungua midomo. Wembe alimpa ishara ya mkono kwamba anakuja. Kishindo alimfikia kwanza.

"Vipi, umewabana?"

"Ameshinda kwa haki."

Kishindo alisubiri mzaha umalizike. Haukumalizika. "Haki ipi? Ya mjomba?"

"Alama za mjomba zimetolewa. Ameshinda bila yeye. Na ile milio mitatu haikuwa kitu, ilikuwa ya kuamsha kitufe kilichonata."

"Nani kakuambia?"

"Nilikuwepo. Wamejumlisha mbele yangu."

"Nani, wao?"

"Mkuu wa kitivo. Mzee alikuwepo, na Kimya."

"Aa. Wote watatu wamekubaliana." Kishindo alirudi nyuma hatua moja, akampima kutoka viatu hadi nywele. Wembe aliujua mtazamo ule. Aliujua kutoka ndani. "Umeingia mle unatoka moshi, umetoka mpole kama maji ya mtungi. Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu."

"Nafasi ya mwakani?"

"Jumatatu nakwenda kuuza mabomba kwa shemeji. Uje uone."

"Mm," Kishindo alisema. "Ni vizuri kusema hivyo kwa sasa, watu wasigundue."

Akaondoka kuelekea kantini, walikokaa wenzao wa darasa kwenye ile meza ya nje. Wembe alimwona akifika, akivuta kiti, akiinama. Vichwa vikasogeleana. Kisha, kimoja kimoja, vikainuka kumtazama yeye.

Angeweza kwenda kwa dada yake. Gari la shemeji lilikuwa tayari linanguruma, na kazi ya Jumatatu haikuwa na maswali. Lakini pale mezani jina la Kimya lilikuwa linakatwa vipande wakati huohuo, kwa kisu alichokinoa yeye. Alivuka ua. Walipomwona anakuja, mazungumzo yalikatika, mmoja akajifanya anatafuta kijiko.

Wembe alivuta kiti, akaketi katikati yao, tarumbeta magotini.

"Haya," alisema. "Niulizeni mimi mwenyewe."

Wakatazamana, nani aanze.